Yasmini na Jibu la Seva

Kila akitoka shule, Yasmini alikunywa chai yake harakaharaka, kisha akakaa mapokezi katika gesti ya mama yake, Bibie, pale Makambako. Kazi hiyo aliipenda mno, maana ndiye aliyeshika simu ya kazi. Dada yake Rukaiya, anayesomea kompyuta, alikuwa ametengeneza ukurasa wa kutafuta vyumba. Ukibonyeza "Tuma", ombi lilikwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza orodha ya vyumba. Seva ikishakagua vyumba, jibu lilikuja lenyewe kwenye ukurasa uleule. Kilichotakiwa ni kungoja kidogo tu, na kungoja ndiko kulikomshinda Yasmini.

Jioni moja, Mama Vestina, mkulima wa kijiji cha Kichiwa, alipiga simu kutoka stesheni. Treni yake ilikuwa ya kesho yake asubuhi, naye alikuwa na mtoto mchanga.

"Kuna chumba, mwanangu?"

Yasmini akabonyeza. Ukurasa ukaandika, "Ombi limetumwa." Kwake hilo lilitosha.

"Kipo, mama. Njoo!" Akaiacha simu mezani, akakimbilia uani kuruka kamba.

Mama Vestina alipofika, mtoto akiwa amefunikwa kitenge hadi puani kwa baridi, Bibie alitazama simu. Jibu lilikuwa limekuja: "Vyumba vimejaa."

"Rukaiya! Ukurasa wako mara unasema chumba kipo, mara vyumba vimejaa. Umetuaibisha. Kuanzia kesho tunaachana nao!"

Rukaiya, aliyeuhangaikia ukurasa ule likizo nzima, aliinama huku machozi yakimlengalenga. Yasmini angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimpenda sana dada yake.

"Mama, seva haikukosea. Ni mimi. Nilimwambia mgeni chumba kipo kabla sijajibiwa." Akamgeukia Mama Vestina. "Nisamehe, mama. Chukua kitanda changu. Mimi nitabanana na dada."

"Haya, mwanangu, yameisha," alisema Mama Vestina, akampa Yasmini mtoto ambebe.

Rukaiya alifuta macho, akafungua kompyuta yake. "Na mimi nilikosea. Neno 'limetumwa' limekupoteza." Akairekebisha programu, ukurasa ukawa unaandika, "Subiri, seva inatafuta," mpaka jibu lirudi.

Bibie alimvuta Yasmini ubavuni. "Mtu amekuja na mtoto kwenye baridi kwa kuliamini neno lako. Usimwambie mtu jambo ambalo huna uhakika nalo. Na siku ukikosea, sema ukweli kama ulivyosema leo."

Kisha akamrudishia simu, maana ilikuwa inaita tena.

"Naomba usubiri kidogo, baba," Yasmini alimwambia mgeni. "Bado sijapata jibu."