Jasho la Kibanio

Gauni la manjano lilifuliwa asubuhi, likaanikwa, likakauka vizuri, na lilipofika kwenye meza ya pasi lilikuwa na jasho shingoni.

Mke wa dobi alilinusa, akalinusa tena. Katika kazi yao pua haidanganyiki. Nguo iliyotoka kwenye maji inanukia sabuni na jua, na nguo iliyotoka mwilini ina harufu ya mwenyewe. Hili lilikuwa limetoka mwilini, mwilini mwa mtoto aliyecheza mpaka akachoka. Na mwenye gauni, binti yao wa pekee, alikuwa kaburini tangu kabla ya mvua.

Walimwita Kibanio, kwa sababu kazi yake pale nyumbani ilikuwa kumpa baba yake vibanio vya kuanikia, tena kwa maringo, kimoja kimoja, kama bosi anayegawa mishahara. Homa ilimchukua haraka. Wazazi wake waliporudi kutoka makaburini walifanya kosa ambalo ni madobi tu wangelifanya: waliendelea kufua nguo zake. Kila wiki zilifuliwa pamoja na mashati ya wateja, zikapigwa pasi, zikakunjwa, zikawekwa kumsubiri mwenyewe. Sasa jamani, nguo safi imekaa tayari, haina wa kuivaa. Kuna viumbe hawahitaji kukaribishwa zaidi ya hapo.

Mke wa dobi hakumwambia mumewe habari za jasho. Alilikumbatia gauni, akalia, kisha, Mungu amsamehe, akafurahi.

Wifi yake, dada mdogo wa dobi, alimwona anavyokonda, akaleta habari za mshauri wa kwenye simu, wa kuonana naye kwa video. Alimsifia kwa pumzi moja: hutoki nyumbani, majirani hawakuoni ukiingia mahali wakapata la kusema, ukitaka kulia unalia kwako kwa raha zako. Dobi aliguna. Mtu wa kwenye kioo atajuaje kama umekula au hujala? Na mtandao ukikatika katikati ya kilio, unamalizia kulilia nani? Tena mtu wa namna hii anahitaji bega.

"Kaka, bega lako limefanya nini mpaka leo?" wifi aliuliza, na dobi akarudi kwenye beseni lake. Kwa kweli wote wawili walikuwa sahihi, na hapo ndipo palipokuwa na tabu.

Mshauri alikuwa mama mpole, asiye na haraka. Walizungumza alasiri, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la vibanio, mke wa dobi ameketi na nguo za wateja zikining'inia nyuma yake. Alisimulia mengi: ujauzito, meno ya kwanza, maringo ya vibanio. Lakini kila mshauri alipomuuliza kuhusu siku ya mwisho hospitalini, alisema mtandao unasumbua, akakata. Ndiyo shida ya simu hiyo. Ungekuwa umekaa na mtu chumbani, ingebidi uinuke, uage, utafute viatu. Hapa kidole kimoja kinatosha kukimbia.

Siku moja, kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni ambamo mtu hujiona mwenyewe, alimwona mtoto. Alisimama kati ya mashati, amevaa gauni la manjano, ameinamisha uso. Mke wa dobi aligeuka. Mashati tu. Akaitazama simu tena. Mtoto yupo.

"Unaona nini nyuma yangu?" alimnong'oneza mshauri.

"Naona nguo, mama. Moja inacheza. Hapo kuna upepo?"

Hapakuwa na upepo.

Tangu siku hiyo akaupenda ushauri kupita kiasi. Aliomba miadi nyingine, na nyingine tena. Alinawa uso na kuchana nywele kabla ya kupiga, na wifi akatamba mtaani kwamba dawa imeingia. Kumbe maneno ya mshauri hayakumfikia hata moja. Macho yake yalikuwa pembeni, kwenye kidirisha, ambako mtoto alisogea kila simu: leo kwenye mashati, kesho kwenye meza, kesho kutwa mgongoni kwake.

Nyumba ikaanza kunuka uvundo wa nguo zilizosahauliwa kwenye maji. Vibanio vililia ndani ya kopo, tak, tak, kama vinavyohesabiwa na vidole vidogo. Na alasiri moja, wakati mshauri anaendelea kuongea kwa upole wake, mke wa dobi aliona kwenye kidirisha mikono miwili myembamba ikimzunguka shingoni, akahisi baridi yake kweli kwenye ngozi, baridi ya nguo mbichi, na shavu likalazwa juu ya shavu lake, na hakupiga kelele wala hakusogea, bali alifumba macho na kuinamisha kichwa upande ule kama mama yeyote anavyofanya, huku pumzi ikimpungua taratibu na mikono ile ikizidi kukaza.

Dobi alimkuta amezimia juu ya meza, shingoni ana alama nyekundu kama za kamba. Mshauri alikuwa bado hewani, akiita. Hakujifanya anajua kila kitu.

"Baba, kazi yangu ni maneno," alisema. "Hicho mnachokinusa sikinusi, na siwezi kuvuka kioo nikamshika mkono. Tafuteni mtu wa kukaa naye. Mimi sikati."

Akaitwa shangazi yake dobi, mzee anayejua dua na asiyeogopa uvundo. Aliingia, akazima pasi, akafunga dirisha, akamkalisha mke wa dobi mbele ya simu na kumshika kiganja.

"Huyo si mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Kimevaa mtoto. Nami siwezi kukitoa wakati wewe unakilea. Kiulize habari za siku ile ya hospitalini."

Akaanza kusoma dua. Kwenye kidirisha mtoto aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, na mke wa dobi akakisogelea kioo.

"Mwanangu, siku ile mimi nilikuwa wapi?"

Sauti haikutoka kwenye simu. Ilitoka nyuma ya sikio lake, tamu, na ilikuwa ya Kibanio hasa.

"Ulikuwa na mimi, mama. Ulinishika mkono mpaka nikalala."

Hakuna kitu alichokitamani duniani kuliko maneno hayo. Angeweza kuyachukua, akaishi nayo, akafa nayo. Shangazi alimkaza kiganja.

"Sikuwepo," alisema mke wa dobi. "Nilikuwa hapa, kwenye meza hii, napiga pasi suti ya bwana harusi. Nilisema nikimaliza ndipo nirudi hospitali. Mwanangu alikufa mimi sipo. Wewe si mwanangu."

Mashati yote yakapepea kwa pamoja, uvundo ukapanda mpaka dobi akatapika, na kitu kikalia mama, mama, kwanza kwa sauti ya mtoto, kisha kwa sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu, kikizunguka chumba na kukwaruza kuta mpaka kikapita chini ya mlango na kuishia mbali. Gauni likaanguka sakafuni, tupu.

Chumba kikanukia sabuni tu. Shangazi alizifunga nguo zote za mtoto kwenye shuka, akatoka nazo. Mke wa dobi alibaki ameketi, na mumewe amesimama nyuma yake, mikono imelegea.

"Wewe ulikuwa naye," alimwambia bila kugeuka. "Siku zote unaniambia alilala tu. Aliniulizia?"

Dobi alitazama mlangoni, akaitazama simu. Hapakuwa na wa kumwokoa.

"Aliuliza unakuja lini."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia uko njiani," alisema dobi. "Akasema hatalala mpaka ufike."