Mkono Juu ya Kitambaa

Siku Aneth alipokutana na Chediel, stendi ya Singida ilikuwa imejaa matenga ya kuku. Wapiga debe wanaita, vumbi limesimama, na katikati ya vumbi hilo Aneth anafuata toroli lililobeba kompyuta yake. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri kiunoni, na viatu vyeupe ambavyo kwa stendi ile vilikuwa kosa. Gurudumu likaingia shimoni. Lile sanduku ambalo watu huliita sipiyu likateleza, na mtu aliyekuwa anapita akalidaka kifuani kama anapokea mtoto.

“Pole, dada. Mzito huyu. Umemtoa wapi?”

“Dodoma, kwenye mnada wa ofisi. Niachie, nitalibeba mwenyewe.”

“Kwa viatu hivyo?”

Aneth alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Mtu huyo ndiye Chediel, fundi wa redio wa Itigi, aliyekuwa amekuja mjini kununua vipuri. Shati lake la drafti lilipigwa pasi, na mfukoni, pale ambapo wenzake huweka kalamu, alichomeka bisibisi. Kompyuta alijifunza kwa fundi mmoja Dodoma, miezi sita. Alilibeba sanduku hadi Utemini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Aneth, mama Redempta. Mlangoni palikuwa pameandikwa: TUNACHAPA BARUA, KATIBA NA KADI. Mwaka ule wa 2004 kila kikundi kilitaka katiba iliyochapwa, hata kikundi cha watu sita.

Walipoiwasha, ikalia. Mlio mwembamba usiokatika, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo.

Chediel akafungua ubavu. “Mkorofi ni huyu,” akasema, akionyesha kifeni kidogo kama kizibo cha chupa ya chai, kimekaa juu ya ule ubao mkubwa wa ndani. “Chini yake kuna chipu. Huyo ndiye karani wa humu. Kila jambo linapita kwake, kwa hiyo anachemka, na kifeni kinampepea. Sasa kimezeeka, kinanung'unika.”

“Kinyamazishe.”

“Nikikinyamazisha ovyo karani anaungua. Nipe siku, bibie.”

Siku zikawa wiki. Alipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akadondosha tone la mafuta ya cherehani. Nyigu akanyamaza siku tatu, akaanza tena. Kila Jumamosi Chediel alishuka kutoka Itigi, akamwamkia mama Redempta shikamoo akikunja magoti kidogo, akaingia chumba cha mbele.

“Hiyo mashine inaumwa kuliko mimi,” mama Redempta alisema siku moja, mbele ya wote wawili. “Na mimi nina miguu.”

Aneth aliinamisha uso. Chediel akakohoa akatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Jumamosi moja Aneth alikwenda mazoezi ya kwaya. Chediel akabaki peke yake na sufuria kuukuu la alumini. Alilikata, akalikunja meno meno kama chanuo, akalisugua upande mmoja hadi likawa laini. Akang'oa kifeni, akapaka grisi nyeupe juu ya chipu, akalikaza lile chanuo mahali pake, ili joto lipande kwenye meno na kutoka lenyewe. Kifeni akakifunga kwenye karatasi, akakiweka ndani ya boksi la karatasi za kaboni, rafu ya juu.

Aneth aliporudi, chumba kilikuwa kimya hadi wakasikia jirani akichambua mchele.

“Umefanyaje?”

“Dawa ya kienyeji. Mama akiniuliza mahari, nitamwambia nimetanguliza ukimya.”

“Ukimya hauli majani, baba. Leta ng'ombe.”

Walicheka, na katika kucheka huko Aneth hakuuliza tena, wala Chediel hakueleza. Alimpa sharti moja tu: mashine iachwe ipumue. “Kipimo chako ni mkono. Ukishika ubavu ukakuta joto la kikombe cha chai, endelea. Ukikuta joto la sufuria la uji, zima, nipigie.”

Tangu siku hiyo simu ya Aneth ililia kila saa kumi na moja jioni.

“Mpenzi, weka mkono.”

“Nimeweka.”

“Uji au chai?”

“Chai.”

“Na wewe je?”

“Mimi uji. Njoo unizime.”

Barua ya posa ilipangwa kuletwa na wajomba zake Chediel mwisho wa mwezi wa nane. Aneth alitaka wageni wakute chumba kimependeza. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake, kochi lina chake, hata mtungi wa maji. Basi akanunua nyuzi za sufu, nyekundu na nyeupe, akafuma wiki mbili. Kitambaa kizito, chenye maua pembeni, kilichoifunika sipiyu kutoka juu hadi miguuni kama gauni la bibi harusi. Hakumwambia Chediel. Alitaka akione siku hiyo.

“Weka mkono, mpenzi.”

Akaweka, juu ya kitambaa. “Chai.”

“Ya moto?”

“Iliyopoa kabisa.”

“Safi. Karani ametulia kama mwenye ofisi.”

Jumatano ya wiki ile ile walikuja wanawake wa Mgori, wafuga nyuki, na katiba yao ya kurasa thelathini. Kesho yake ilitakiwa mezani kwa msajili. Aneth alichapa tangu asubuhi bila kuhifadhi, maana mashine haikuwahi kumtupa. Ukurasa wa ishirini na nane kioo kikaganda. Akabonyeza hiki na kile. Akazima, akawasha, ikakataa. Kazi yote ikapotea, na wanawake wamekaa kwenye benchi wanamtazama.

Akamwita Benjamin, fundi wa mtaa wa pili. Alipofika mashine ilikuwa imeshapoa, na kitambaa Aneth alishakivua akakikunja kisichafuke. Benjamin akafungua, akapiga mluzi.

“Dada, nani aligusa humu? Feni ya hapa imeng'olewa. Umewekewa kipande cha sufuria.”

“Sufuria?”

“Umeibiwa. Feni hizi zinatafutwa.”

Benjamin hakuwa na nia mbaya, alisema alichokiona. Lakini Aneth alikuwa na aibu, na aibu ikikosa pa kukaa humtafuta mtu. Akapiga simu pale pale.

“Chediel, feni yangu iko wapi?”

“Ipo, mpenzi. Iko kwenye boksi la—”

“Umeniuzia sufuria. Unanipigia kila jioni kuniuliza chai na uji, kumbe unachungulia kama nimeshagundua. Wewe ni mwizi, Chediel.”

Chediel akashusha sauti.

“Uko na watu hapo?”

“Niko nao. Na wasikie.”

Akakata. Alipopigiwa tena hakupokea. Akapigiwa mara tatu, kisha simu haikulia tena.

Wanawake wa Mgori waliuza asali yao kwa wachuuzi wa Itigi, na neno likasafiri na madebe. Fundi wa redio hana mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa. Mtu anakuachia redio yake nzima, ndani hapajui. Mmoja akaja kuchukua yake. Wa pili akaja. Mwezi wa kumi Chediel akafunga kibanda. Wajomba hawakuja Utemini na barua.

Benjamin alikitoa kile kipande cha sufuria, akamwekea Aneth feni nyingine, na nyigu akarudi. Alivumilia hadi Desemba. Siku moja kichwa kikimuuma, akatoa kile kitambaa kwenye sanduku la nguo, akaifunika mashine ili mlio upungue. Ukapungua. Baada ya saa mbili kioo kikaganda vile vile.

Aneth hakuita mtu. Akatia mkono chini ya kitambaa, akaushika ubavu wenyewe. Akautoa haraka. Lilikuwa joto la uji.

Akakumbuka: “Iko kwenye boksi la—” Kisha akapanda stuli, akashusha boksi la kaboni. Kifeni kilikuwemo, na kwenye karatasi mwandiko wa Chediel: *Mzee amestaafu. Mtunzeni.*

Jumapili alikuwa Itigi, amevaa gauni jeusi lisilo na ua. Alimkuta Chediel nje ya ghala la asali, shati halijapigwa pasi, anapima madebe ya mtu mwingine.

“Nilikuwa naweka mkono juu ya kitambaa,” Aneth alisema. Akamweleza yote, hakuacha kitu.

Chediel alisikiliza hadi mwisho. “Sufu,” akasema. “Kwa ajili ya wajomba?”

“Kwa ajili yako.”

Akaweka debe chini. “Nimekusamehe, Aneth. Nilikusamehe zamani, sikujua tu kosa lilikuwa nini.”

“Basi rudi.”

“Uliniuliza feni iko wapi, hukungoja jibu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, siyo lile jina. Nikikuoa, kila utakaponiuliza kitu nitakuwa nakimbilia kujibu kabla hujakata.”

 Ibada ilipotoka Aneth alisimama mlangoni mwa kanisa la pale Itigi, akawaambia waumini kwa sauti kwamba Chediel hakuiba, kwamba mwongo ni yeye mwenyewe. Wazee wakamshukuru. Chediel hakuwepo, alikwenda kufungua kibanda apanguse vumbi.

Jioni Chediel alimfuata Aneth kituo cha mabasi. Aneth alimpa lile chanuo la sufuria alilokuja nalo mfukoni. Chediel akaligeuza, akatoa tupa, akasugua pembe moja iliyokuwa kali, akalirudisha.

“Mwambie Benjamin akuwekee. Apake grisi upya.”

“Niwekee wewe.”

“Utemini siji tena, mama. Safari njema.”

Benjamin aliliweka Jumanne, akakiri kwamba ni kazi ya mtu anayejua. Chumba kikawa kimya. Saa kumi na moja jioni Aneth aliacha kuchapa, akaweka kiganja kitupu juu ya bati.

“Chai,” akasema.

Jirani alikuwa anachambua mchele. Simu ilikuwa mezani, mbele yake, na ina chaji.