Madawati Yanayonuka Papa

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wazee. Mimi nasema hata mkavu hukunjika, ukijua kumloweka.

Asubuhi ile tulikuwa tukifagia darasa, kama kila Jumatatu, lori lilipoingia shuleni kwetu Olumbi na madawati ishirini mapya. Tangu gesi igunduliwe baharini, magari yote makubwa yalipita kwenda mji wa Palma bila kusimama. Hili lilisimama! Tulitupa mafagio. Sisi tuliozoea kuandikia magotini tulikaa, tukainuka, tukakaa tena.

Kisha Chaquir, asiyeacha kumtania mtu, akaziba pua, akanigeukia. "Haula, hili dawati au ngalawa?"

Wote wakacheka. Mimi nilikauka. Kila kiungo cha mbao kilijazwa pamba iliyochovywa mafuta ya papa, kama mashua inavyozibwa maji yasiingie. Nani angeziba dawati? Mtu mmoja tu: baba yangu Rachide, fundi wa mashua. Lakini tulipohamia hapa kwa bibi, niliwaambia wenzangu kwamba Baba yuko Palma kwenye kazi za gesi. Ukweli ni kwamba alikuwa amefungwa kwa kuiba injini ya boti.

Mkuu wa shule, Mwalimu Germano, hakuistahimili harufu. Akataka yarudishwe. Bi Amélia, mkuu wa gereza aliyeyaleta, alieleza kwamba yameundwa na wafungwa wanaojifunza useremala, na yakikataliwa karakana yao itafungwa. Nikasimama mbele ya wote.

"Mwalimu, hii ni kazi ya baba yangu. Nilidanganya, hayupo Palma. Yupo gerezani. Harufu itaisha juani, ila maji hayatapenya humo."

Chaquir alichukua ndoo akamimina maji ndani ya sanduku la dawati, pale pa kuwekea vitabu. Tukainama kutazama chini. Halikudondoka hata tone. Darasa zima likalipuka kwa vifijo, na Mwalimu Germano, anayejua paa letu linavyovuja, akasema yabaki.

Mzazi mmoja pale mlangoni alinung'unika kwamba Bi Amélia atuombe radhi kwa kuleta kazi ya wezi mbele ya watoto.

Bi Amélia aliniwekea mkono begani. "Uongo wa mtoto huyu ulimficha baba yake, ukweli wake umemwokolea kazi. Mfungwa akitoka mikono mitupu, ataiba tena. Akitoka na ufundi, atarudi kwa watoto wake. Mimi siombi radhi."