Njia Ambayo Akaliza Hakuiona

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Akaliza alimsaidia mama yake kupanga maparachichi kwenye beseni. Mama aliyabeba hadi Petite Barrière, mpakani na Goma, kwenda kuyauza huko. Nyumba yao ilikuwa Mbugangari, mtaa unaoamka na makelele: pikipiki, redio, wanawake wakiitana kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Lakini asubuhi hiyo Akaliza aliwashinda wote. Aliimba na kurukaruka hadi parachichi moja likamponyoka, likabingirika mpaka mlangoni kwa jirani.

"We mutoto, leo iko nini?" mama aliuliza akicheka. "Bon, acha maparachichi yangu, enda ku masomo!"

"Mama, leo tunapanga kambi!"

Klabu ya mazingira ya shule yao ilikuwa inajiandaa kwenda kulala usiku mmoja huko Nyamyumba, katika msitu mdogo wa mikaratusi ulio kando ya Ziwa Kivu. Ushirika wa akina mama uliutunza msitu huo na kuwakaribisha wageni wenye mahema. Mahema yenyewe parokia ilikubali kuwaazima. Mwalimu mkuu alitoa ruhusa kwa sharti moja tu: mtu aende kwanza akaone mahali penyewe. Kazi hiyo alipewa Akaliza, kwa sababu shangazi yake Dancille, muuza samaki, aliishi huko na angemtembeza.

Jumapili iliyotangulia Akaliza alikwenda kweli. Ila alipofika kwa shangazi, samaki wadogo wa ziwani waitwao sambaza walikuwa wanakaangwa, na binamu zake walikuwa wanamwita majini. Akala, akaogelea, akala tena. Alipokumbuka kazi aliyotumwa, mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

"Ni kule tu, nyuma ya kile kilima," shangazi alimwonyesha kwa kidole.

Akaliza alitazama, akaona vilele vya miti, akaridhika, akarudi zake nyumbani.

Sasa klabu nzima ilikuwa imekusanyika darasani. Mwalimu Sylvain, mlezi wa klabu, ambaye alikulia Tanzania na kuongea Kiswahili kilichonyooka, alisugua mikono kwa furaha.

"Haya, mjumbe wetu! Umepaona?"

Akaliza alisimama. Macho yote yalikuwa kwake. Kusema "sikufika" kulikuwa kazi ndogo sana, lakini aliona aibu.

"Nimepaona, Mwalimu. Ni pazuri ajabu!"

Wote walipiga makofi. Kisha maswali yakaanza, na kila swali lilidai uongo mwingine. Cyuzuzo, mvulana aliyepewa kazi ya kupanga chakula, alitaka kujua kama wabebe jiko na makaa.

"Ya nini?" Akaliza alijibu. "Karibu na pale iko amashyuza, yale maji ya moto yanatoka chini ya udongo. Watu wanapika mule kila kitu."

"Hata maharage?"

"Hata maharage!"

Cyuzuzo, ambaye hakupenda kabisa kubeba makaa, alipiga makofi kuliko wengine wote.

Walipotoka nje, Isimbi alimfuata Akaliza polepole. Isimbi alitembea kwa gongo tangu utotoni, kwani mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu. Alikuwa ameshamwambia Mwalimu kwamba yeye angebaki nyumbani.

"Akaliza, unieleze kweli," alisema. "Njia iko namna gani? Mi naweza kufika na gongo yangu?"

Hapo Akaliza angeweza kujiokoa. Badala yake alimtazama rafiki yake usoni, akaona jinsi alivyotamani kusikia jibu zuri, akampa.

"Njia ni laini, kama ile ya kanisani."

Isimbi alimkumbatia kwa nguvu hata gongo likaanguka. "Basi naenda! Mi sijalala hata siku moja karibu na ziwa!" Akaliokota, akaenda mbio zake za gongo kumwambia Mwalimu.

Jioni hiyo Akaliza alisukuma sahani yake pembeni. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana malaria.

Kesho yake asubuhi Isimbi alimngojea langoni mwa shule, uso ukimng'aa. Aliinua gongo lake juu. Chini yake palikuwa na mpira mpya, mweusi na mnene.

"Angalia! Baba ameukata ku tairi ya pikipiki, ameupigilia misumari. Amesema ni wa safari."

Akaliza aliutazama mpira ule, na machozi yakamtoka palepale.

"Isimbi, mi sikuiona njia."

"Namna gani hukuiona?"

"Sikufika ku msitu. Nilibaki kwa shangazi, nikaogelea, mvua ikanyesha. Yote niliyosema nimeyatunga."

Isimbi alishusha gongo lake taratibu. "Na baba amekwisha kuambia majirani wote," alisema kwa sauti ndogo, na maneno hayo yalimchoma Akaliza kuliko matusi. Kengele ikalia. Isimbi akamshika mkono. "Bon. Safari ingali mbele. Twende kwa Mwalimu. We utasema, mi nitasimama karibu yako."

Mwalimu Sylvain alikasirika, na hakuficha. Aliwaza kufuta kambi yote. Lakini alipowatazama wasichana wale wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega, alisema, "Jioni tunakwenda Nyamyumba sisi watatu. Akaliza, safari hii utaona kwa macho yako, si kwa kidole cha shangazi."

Walipofika, njia laini kama ile ya kanisani haikuonekana. Kutoka barabarani hadi msituni palikuwa na mteremko mkali wenye mawe na tope. Akaliza alitangulia kuujaribu. Hakufika mbali, miguu ikamteleza, akakaa topeni kwa kishindo.

"Pole sana!" alicheka mama mmoja aliyekuwa anafagia majani. Huyo alikuwa Mukarugwiza, mlinzi wa msitu. "Wageni wote wanakaa palepale!"

Akaliza aliinuka na kuuliza maswali yote aliyopaswa kuuliza Jumapili. Vyoo vilikuwepo, na maji safi pia. Moto ulikatazwa kabisa chini ya miti, kwa kuwa majani ya mikaratusi yana mafuta na hushika moto upesi.

"Na maharage tunaweza kupika ku amashyuza?"

Mukarugwiza alishika kiuno kwa kucheka. "Maharage? Mutangoja mpaka Noeli! Mule munapika viazi vitamu na mayai. Maharage mupike kwenu, mulete yameiva."

Wote walicheka, isipokuwa Isimbi. Alikuwa amesimama juu ya mteremko, akitazama maji ya ziwa yakimetameta kati ya miti.

"Ni pazuri kweli," alisema. "Donc, mi nitabaki nyumbani."

Akaliza alifuata macho ya rafiki yake. Aliona msitu, aliona ufuko, aliona mtumbwi mmoja ukipita karibu kabisa na nchi kavu. Akapiga kelele iliyomshtua Mwalimu.

"Lakini maji yanafika mpaka ku miti! Tonto Straton iko na mutumbwi!"

Tonto Straton, mume wa shangazi Dancille, alikuwa mvuvi wa sambaza. Walimkuta akishona nyavu. "Sisi tunavua usiku," alisema. "Muchana mutumbwi iko inalala tu. Nitamuleta mutoto, na mizigo yenu pia." Mwalimu alikubali, mradi kila atakayepanda avae jaketi la kuelea.

Siku ya kambi ilipofika, wanafunzi waliushuka mteremko wakishikana mikono, wakiteleza na kuchekana. Cyuzuzo alikumbatia sufuria ya maharage yaliyoiva kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na hakumwaga hata punje. Walikuwa bado wanapangusa tope waliposikia wimbo kutoka ziwani. Tonto Straton na wenzake walikuwa wanapiga makasia kwa wimbo wao wa kazi, na mbele ya mtumbwi alikaa Isimbi katika jaketi la rangi ya machungwa, akiwaongoza kwa gongo lake kama mwalimu wa kwaya. Ufuko mzima ulilipuka kwa vifijo.

Walisimamisha mahema. Walishusha viazi vitamu ndani ya maji ya moto kwa kipande cha wavu wa sambaza, wakangoja wakiimba, kisha wakavila vikiwa moto mpaka vidole vikawaungua. Giza lilipoanza kuingia, taa za wavuvi zilitapakaa ziwani, na Isimbi akakataa kuingia hemani kabla ya kuzitazama zote.

Hapo Mwalimu Sylvain aliwaita wakae karibu.

"Ule mteremko haujabadilika," alisema. "Ni uleule uliokuwepo Akaliza aliposema njia ni laini. Ukimdanganya mwenzako ili umfurahishe, ile shida unamwachia yeye, naye hana habari. Ukimwambia kweli, hata kweli mbaya, mnaweza kuitafutia dawa pamoja. Akaliza alikosa. Lakini alisema mapema, tukiwa na nafasi ya kutengeneza, na ndiyo maana leo hakuna aliyebaki nyumbani. Nawaomba wote mzoee kusema 'sijui' na 'sikuona'. Si aibu."

Akaliza aliinamisha kichwa, ila moyo wake ulikuwa mwepesi.

"Sasa," Mwalimu aliendelea, "muhula ujao tutapiga kambi mahali pengine. Nani atatangulia kupaona?"

Gongo moja lenye mpira mpya likainuka juu.

"Akaliza," alisema Isimbi. "Na mi naenda naye."