Konokono wa Chumvi Mbamba Bay

"Mzigo umeshapita Mbinga. Noah nyeusi. Usipige risasi karibu na boksi."

"Mnunuzi?"

"Mgeni. Sura hatuijui."

Simu ikakatika.

Getrude Ndunguru, jasusi wa Idara ya Usalama, alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaiacha milima ya kahawa ikiteremka kuelekea ziwani. Mbele, Noah ilikata kona ovyo kama ng'ombe aliyekata kamba. Dereva wake alikuwa Hamphrey, mlanguzi wa samaki wa mapambo. Alijiita Bosi. Bosi gani? Hata kuku wake hawakumsikia!

Ndani ya boksi mlikuwa na konokono wa bahari. Hawana gamba la maana, wanateleza, ukiwatazama unasikia kichefuchefu. Lakini seli zao za neva ni kubwa mno, nyingine unaziona kwa macho. Ndiyo maana wachunguzi wa ubongo wanawapenda.

Daktari Scholastica, mmoja wa wachunguzi hao, alikuwa amewafundisha kukumbuka. Konokono aliyefundishwa, ukimgusa, hujikunja na kubaki hivyo. Asiyefundishwa hujikunjua mara moja. Kwa hao alitafuta dawa ya wazee wanaosahau watoto wao, na mama yake mzazi alikuwa mmojawapo. Wezi waliwakomba wote maabarani. Wakifa, au wakisahau, kazi yake imekwisha.

"Dada, maji ya ziwa yatawaua," daktari alimwonya Getrude asubuhi ile. "Hawa ni wa chumvi."

Mbamba Bay. Jua kali.

Getrude aliegesha gari mbali, akaficha bastola yake ya Glock ndani ya kitenge, akachota ndoo ya maji ziwani, akajifanya mchuuzi wa dagaa. Wageni watatu walikuwa wanasubiri boti. Mmoja wao ndiye mnunuzi. Yupi?

Hamphrey alikuwa amefungua boksi, uso ameukunja.

"Kaka, hao mbona wamelegea?"

"Joto hili, dada."

"Mtu wa samaki mzima hujui dawa ya joto?" Getrude akamsogezea ndoo. Mguu wake ulikuwa tayari.

Hamphrey alikulia mwambao huu. Alijua dawa moja tu: samaki akitweta, mwongezee maji ya ziwa. Kwamba kuna kiumbe cha majini kinachouawa na maji matamu, hilo halikuwahi kupita karibu na kichwa chake.

"Maji ni maji," alisema, akainua ndoo.

"Usimimine! Mpumbavu wewe, utawaua!"

Aliyepiga kelele ni yule mgeni mwenye darubini, aliyekuwa akitazama ndege na kujifanya hajui hata kujibu salamu. Kumbe Kiswahili anacho, tena cha matusi.

Haya sasa.

Getrude aliipiga ndoo teke. Maji yote yakamwogesha Hamphrey. Mgeni akaingiza mkono kwenye begi. Thubutu! Getrude aliukunja mkono huo mpaka bastola ikaanguka mchangani.

"Unajua thamani ya wanyama hawa?" mgeni alifoka huku pingu zikimbana.

"Inazidi yako. Hilo najua."

Hamphrey alipiga magoti, analia. "Dada yangu, mimi nilidhani ni aina ya samaki!"

"Na samaki wenyewe huwa unawaiba. Nyamaza."

Akampigia Scholastica.

"Wazima?"

"Wanajongea."

"Mguse mmoja. Taratibu."

Getrude alikunja pua, akagusa. Konokono akajikunja.

"Amejikunjua?"

"Bado."

Akina mama waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi, wakasogea kutazama. Hamphrey naye alinyoosha shingo, maji yakimchuruzika.

"Na sasa?"

"Bado, daktari. Amekaza kabisa."

Upande wa pili wa simu daktari, mwanamke mtu mzima, aliangua kilio. "Anakumbuka! Dada, anakumbuka!"

Getrude alikata simu. Akafuta ute wa kidole kwenye shati la mgeni, akafunga boksi, akalibeba mwenyewe mpaka garini.