Nafasi ya Vidole Vinne

"Ilpo anakuja leo. Usije ukashuka huko juu ukakimbia."

Ujumbe wa Mama Hilkka ulimkuta Saimi amekaa juu ya ukuta wa magogo, shoka mapajani, kope zimeganda kwa baridi. Akausoma mara mbili. Miaka mitatu hakuna aliyethubutu kumtajia jina hilo, na leo, siku ya kupandisha gogo la mgongo wa paa, ndipo mwenyewe anakuja!

"Rauno!" akaita. "Ulijua?"

Rauno, jirani mwenye trekta la kunyanyulia magogo, akajifanya anakagua mnyororo.

"Nijue nini? Mimi najua gogo hili lina mita kumi na mbili, na barafu ya ziwa imelibeba bila kupasuka. Mengine muulize mama mkwe wako."

"Si mama mkwe wangu."

"Haya, muulize huyo ambaye si mama mkwe wako."

Saimi akaitia simu mfukoni. Nyumba hii ilikuwa iwe yake. Yeye, mchumba wake Ilpo na mzee Taisto, baba yake Ilpo, ndio walioianza, na arusi ilipangwa kiangazi. Februari ya miaka mitatu iliyopita mzee akaanguka kutoka juu, akafariki hospitalini baada ya siku nne. Wiki moja baada ya maziko Ilpo akaondoka kwenda Norwei, kazi za bandarini, akamwachia Saimi ujumbe wa simu: "Usinisubiri. Nisamehe." Saimi hakuujibu, wala hakuufuta. Kuta zikabaki chini ya turubai, hadi upepo wa Novemba hii ulipolichana vipande vipande. Ndipo Mama Hilkka, mjane wa mzee, akapiga simu.

"Theluji inaingia ndani, mwanangu. Ikiyeyuka humo, magogo yataoza. Sitaki fundi mwingine, nakutaka wewe."

Saimi akaja.

Ilpo alifika saa tano asubuhi, kwa miguu kutoka barabarani, begi moja begani. Alikuwa amekonda. Alipitia uwazi wa mlango, akasimama mbele ya nguzo ya katikati, akaitazama.

"Bado ipo," akasema.

"Salamu kwanza," Saimi akajibu kutoka juu.

"Habari, Saimi."

"Nzuri. Miaka mitatu yote, nzuri tu. Unataka nini?"

"Nguzo hii. Niachie mimi niitoe."

Kijiji kizima kiliijua nguzo ile. Nyumba ya magogo hushuka. Magogo yakikauka husinyaa, na ukuta hupungua mwaka hadi mwaka. Nguzo iliyosimama wima haipungui. Ndiyo maana juu ya kila nguzo fundi huacha nafasi ya vidole vinne na kutia jeki, aishushe kidogo kidogo kadiri ukuta unavyoshuka. Asipofanya hivyo, kuta zitashuka, paa libaki limening'inia juu ya nguzo hadi lipasuke. Nguzo hii ilikatwa ndefu, bila nafasi hata ya kucha. Mzee Taisto alipouliza ni kazi ya nani, Ilpo alisema ni yake. Mzee akapanda na msumeno kuipunguza, amefura, bila kamba, na jukwaa limejaa barafu; ndipo alipoanguka. Alama ya msumeno wake bado ilionekana pale juu, imefika nusu.

Saimi akashuka, nyundo kubwa ya mbao mkononi.

"Kazi ya kutoa nguzo ni yangu," akasema. "Kaa pembeni."

"Usiiguse!"

"Umesafiri siku mbili kwa ajili ya gogo?"

"Mama aliniambia itatolewa leo. Nataka kuichoma moto, basi. Nipe kitu hicho kimoja, kisha basi la jioni linanirudisha nilikotoka."

"Ungeichoma miaka mitatu iliyopita."

"Sikuweza hata kuitazama."

Akamshika mkono. Saimi akauchomoa, akamsukuma kwa bega. Hasira za miaka mitatu zikaingia kwenye nyundo: pigo la kwanza, la pili, na la tatu nguzo ikaruka kutoka kwenye tundu lake sakafuni, ikaanguka juu ya theluji, mguu wake umewaelekea wote wawili.

Kwenye mguu, mahali ambapo fundi huchonga alama yake kwa patasi, palikuwa na samaki mdogo.

Alama ya Ilpo ilikuwa mistari mitatu. Samaki ni wa Saimi. Mzee Taisto ndiye aliyemchagulia, siku aliyompokea kama mwanafunzi wake.

Saimi akavua glavu, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mapezi. Yeye na Ilpo walikata nguzo mbili siku moja, kila mmoja yake. Akaikumbuka siku yenyewe: alipima huku simu iko sikioni, anapatana na fundi cherehani juu ya mikono ya gauni la arusi. Nguzo ziliposimamishwa hakuwepo, alikuwa mjini Kuhmo kujaribu gauni hilohilo.

"Ni yangu," akasema.

Ilpo akageuza uso.

"Ilpo! Ulijua tangu lini?"

"Tangu tulipoisimamisha. Mimi ndiye niliyeshika mguu wake, nikaona samaki wako."

"Ukamwambia baba yako ni kazi yako."

"Nilifikiri atanifokea, yaishe, asubuhi tuipunguze wote. Ningejua kwamba atapanda..."

"Na mimi? Mimi ulinikimbia kwa nini?"

"Kwa sababu najijua. Tungeoana, tungegombana kama watu wote, mara vyombo, mara kuni. Na siku moja ningekutupia usoni kwamba wewe ndiye uliyemuua baba. Nilikuwa nayo mdomoni hata siku ya maziko, Saimi, umenishika mkono. Nikaogopa mdomo wangu mwenyewe."

"Kwa hiyo ukaniamulia."

"Nilikuamulia."

"Miaka mitatu najitazama kwenye kioo, najiuliza nina kasoro gani! Nilifikiri umepata mwanamke huko."

"Sina mwanamke."

"Sikukuuliza!"

Nje theluji ikalia chini ya viatu vya mtu. Mama Hilkka akaingia anavuta kigari cha theluji, sufuria ya supu ya samaki imeviringishwa blanketi, na mkate mweusi juu yake. Siku ya kupandisha mgongo, mwenye nyumba huwalisha mafundi. Asipowalisha, humtundikia juu ya paa sanamu ya majani makavu, kila apitaye auone ubahili wake. Rauno alikuwa ameshamtania tangu asubuhi kwamba sanamu iko tayari.

Mama akaiona nguzo chini. Akawatazama vijana wake wawili.

Saimi akasimama.

"Mama, nguzo hii niliikata mimi. Si Ilpo. Ni mimi."

"Mama, usimsikilize..."

"Nyamaza, Ilpo. Umenyamaza miaka mitatu, ongeza dakika mbili." Mama Hilkka akalegeza mtandio. "Najua, Saimi."

"Unajua?"

"Taisto aliniambia hospitalini. Mikono yenu yote miwili aliifundisha yeye, angeshindwaje kujua msumeno ulikuwa wa nani? Alipanda akijua mwanawe anamdanganya, na hasira yake ilikuwa ya uongo ule, si ya nguzo. Akaniambia, 'Kamba niliikataa mwenyewe, Hilkka. Waache, watasema wenyewe. Paa akalimalize Saimi.'"

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilimngoja mmoja wenu aseme. Nikangoja mno, na hilo ni kosa langu." Mama akamsogelea. "Mume wangu aliuawa na barafu, mwanangu. Hukumuua wewe. Lakini Ilpo nilinyang'anywa na ukimya, na ukimya huo tuliupika mimi na yeye."

Hapo Saimi akalia. Alilia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia kwenye maziko, na mama akamkumbatia hadi akatulia. Ilpo alisimama kando, kofia mkononi, theluji inamwangukia kichwani bila yeye kujua.

"Basi," mama akasema hatimaye. "Saa tisa jua halipo. Pandisheni gogo."

Ilpo akashika ngazi.

"Funga kamba," Saimi akamwambia, anajifuta macho.

"Ni dakika tano tu."

"Funga kamba, Ilpo, au rudi bandarini kwako."

Akafunga. Rauno akanyanyua, gogo likapanda polepole, likayumba, likakaa kwenye mapengo yaliyochongwa juu ya kuta kwa mlio mzito ambao wote waliusikia kifuani. Nguzo mpya Saimi aliikata mwenyewe. Alipima mara tatu, simu iko mfukoni. Juu yake akaweka vidole vyake vinne kwanza, ndipo akatia jeki. Samaki hakumficha mguuni tena. Alimchonga usawa wa macho, kila aingiaye amwone.

Ilpo alikuwa amekaa juu ya mgongo wa paa, anapigilia tawi la msonobari kwenye ncha, kama ilivyo ada. Saimi akatoa simu. Ujumbe wa miaka mitatu bado ulikuwepo. Akaandika chini yake, akatuma.

Huko juu mfuko ukalia. Ilpo akavua glavu kwa meno, akasoma:

"Sikukusubiri. Nilikuwa na kazi. Shuka ule."

Akainua macho kutoka kwenye simu. Ng'ambo ya ziwa basi la jioni lilikuwa linapita, taa zimewashwa.

"Na kesho?" akauliza kutoka juu.

Mama Hilkka alikuwa anamimina supu kwenye bakuli la nne. Saimi akalipokea kwa mikono miwili, akamshikia Ilpo.

"Kesho tunaezeka," akasema.