Wimbo Usio na Besi

Lifti ya stesheni ya treni ya Nørreport ilikuwa mbovu tena, na Asger Lindtoft alisimama chini ya ngazi na besi yake mgongoni, akitukana kimoyomoyo. Besi yenyewe ile ala kubwa ya nyuzi, ya kupigwa kwa kusimama, ndefu kuliko mwenyewe. Watu wanaotoka kazini walimpita huku na huku na makoti yao yanayonuka mvua, na hakukosekana wa kumtupia mzaha uleule: si ungejifunza filimbi, mzee? Miaka thelathini anausikia. Tangu asubuhi alikuwa chuoni akifundisha, jana yake studio akitengeneza albamu za watu, na tumboni hana kitu ila kipande cha mkate mweusi na samaki wa siki. Amechoka, jamani, amechoka mpaka kope.

"Wewe shika chini, mimi nishike juu," sauti ikasema nyuma yake.

Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile aliirekodi mwenyewe. Ilikuwa ya Vibeke, mwimbaji, aliyekuwa mpenzi wake kwa miaka sita, aliyefungasha virago vyake mwezi wa tano bila maelezo. Sasa ni Novemba. Kavaa koti la rangi ya haradali na skafu nyekundu, nywele kazikata, kapendeza mpaka inauma kumtazama.

"Umekata nywele," Asger akasema.

"Na wewe umekata mwili. Huli?"

"Nakula."

"Muongo mkubwa. Haya beba, tunawazibia watu njia."

Wakalipandisha lile dude taratibu kama jeneza. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka akauliza nani kafa.

"Bado," Vibeke akamjibu, "lakini huyu hapa yuko njiani."

Walipofika juu mvua ilikuwa imechachamaa, wakaingia mkahawa wa karibu. Besi wakaiegemeza ukutani, kahawa ikaja, mshumaa ukawashwa mezani. Vibeke ndiye aliyeanza.

"Mama anakusalimu. Anasema maua sasa basi. Vyombo vya kuyawekea vimemwishia."

Asger akaona haya. Mwezi wa tatu mama yake Vibeke alitimiza miaka sabini, na kwa watu wa huku siku kama hiyo hukosi labda uwe maiti. Meza inatandikwa ndefu, mwenye siku yake anatungiwa wimbo, na kila mgeni anapewa karatasi ya maneno ili aimbe. Asger aliikosa. Alikuwa studio, tena akimalizia albamu ya Vibeke huyohuyo. Ilipotoka tu, mwanamke akaondoka, naye akapiga hesabu yake ya kiume: kaniwekea kinyongo cha sherehe, kangoja kazi iishe. Tangu hapo kila mwezi anampelekea mama mtu maua.

"Nilikosa adabu," akasema. "Mama yako ana haki ya kunikasirikia."

"Mama alikusamehe kesho yake! Nani kakwambia niliondoka kwa ajili ya sherehe?"

"Kumbe kwa ajili ya nini?"

Vibeke akamkazia macho, aone kama anamfanyia mzaha. Hakuona mzaha, akaona uchovu mtupu.

"Wimbo wa mwisho," akasema polepole. "Ule niliokutungia wewe. Tuliurekodi wawili tu, sauti yangu na besi yako. Siku ya uzinduzi wakauweka, ukumbi mzima unajua ni wimbo wa nani. Nikangoja besi iingie. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mpaka ukaisha, niko peke yangu. Ulijifuta, Asger! Mbele za watu! Nikajua basi, nimeachwa."

Asger akasogeza kikombe kando, akamwinamia.

"Vibeke, niliifuta kwa sababu ulikuwa huihitaji! Kila nikiiweka besi naona nakuharibu. Ulikuwa umekamilika. Wanafunzi nawaambia kila siku, mpiga besi mzuri ni yule anayejua pa kunyamaza. Sijawahi kumpa mtu heshima kama ile maishani mwangu."

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Nilidhani utasikia."

"Nisikie nini, kimya?" Machozi yalikuwa yakimtoka huku anacheka, kicheko cha mtu aliyepoteza nusu mwaka bure. "Hayo kawaambie wanafunzi wako. Mimi si mwanafunzi wako, mimi nilikuwa mwanamke wako."

Akajifuta uso na skafu.

"Jumamosi nahamia Bergen, ng'ambo ya bahari. Nimepata kazi ya kufundisha kuimba, mwaka mzima. Nimeshasaini."

Moyo ukamshuka Asger. Alitaka kusema neno usiende. Likatoka jingine.

"Nimechoka, Vibeke. Nawapigia watu, nawatengenezea watu, nawafundisha watu, halafu narudi kwenye nyumba haina hata wa kunigombeza. Nakupenda. Sikuacha hata siku moja."

"Ungesema hivyo mwezi wa tano!" Akasimama, akambusu kwenye paji la uso. "Mkataba sivunji. Ukitaka, nipigie simu. Lakini uongee, bwana. Ukininyamazia, nakata."

Vibeke akaenda zake Bergen kweli. Jumapili Asger akapiga simu. Akaongea. Akamweleza mvua, supu aliyoiunguza, mwanafunzi anayepiga kwa fujo kama anagombana na nyuzi, bega linalomuuma akiamka, upande wa Vibeke wa kitanda ambao bado halalii. Mtu huyu ambaye wenzake bendini humtania kwamba maneno anayalipia kodi, aliongea mpaka koo likamkauka.

"Haloo? Upo?"

"Nipo. Endelea."

Akaendelea. Mwisho Vibeke akashusha pumzi.

"Ijumaa kuna ndege ya mchana. Njoo. Na hilo dude lako uliache hukohuko."

Ijumaa ana darasa. Jumamosi kuna watu wanaokuja kurekodi, wameweka miadi tangu kiangazi. Kazi hajawahi kuikosa. Hata mazishi ya baba yake aliyaacha katikati akawahi jukwaa. Akanyamaza, apime. Mazoea yana taabu. Na upande wa pili akamsikia Vibeke anavuta pumzi, ile pumzi fupi ya mtu anayetaka kuaga.

"Nakuja!" akapiga ukelele, jikoni peke yake. "Nakuja, mpenzi wangu. Darasa watalifuta, na hao wa studio nitawaomba radhi. Unanisikia? Nakuja!"

"Nakusikia," Vibeke akasema. "Sema tena."